Silinda ya Tano

Ilikuja ikichechemea kutoka barabara ya Singida,
Supra nyekundu ya themanini na nane,
rangi imepauka mabegani.
Mwenyewe, Bwana Rwehumbiza wa Mtumba, mrefu,
alikuwa ndani kajikunja, magoti yameukumbatia usukani.
Akashuka kwa mafungu: mguu, kiwiko, kichwa, lawama.

"Fundi, inamisi. Na kiti hakirudi nyuma.
Mafundi wanne wamekula hela yangu.
Ni ugonjwa mmoja huo, nina hakika."

Sikumjibu. Gari halisikilizwi mdomo ukiwa wazi.
Niliweka kiganja nyuma ya silensa:
pumzi tano na pengo, pumzi tano na pengo,
kama mtoto anayehesabu, anasahau namba ileile kila siku.

Nikafungua boneti. Nyaya sita za plagi.
Nikachomoa ya kwanza, injini ikayumba: huyu anafanya kazi.
Ya pili, ikayumba. Ya tatu, ikalalamika kabisa. Ya nne.
Ya tano nikachomoa, na injini haikujua.
Ikaendelea vilevile,
kama ofisi ambayo mtu wake yuko likizo tangu Machi
na koti lake bado liko kitini.
Bwana Rwehumbiza akacheka, kisha akaacha kucheka.

Plagi zilikuwa mpya. Mafundi wanne, plagi ishirini na nne.
Koili nzima. Injekta inagonga kama inavyotakiwa.
Mgandamizo sawa na wa jirani zake.
Basi nikahamia kwenye kiti,
maana mkono ukikwama hapa, upe kazi pale.

Swichi: tk. Kiti: kimya.
Testa swichini ikasoma kumi na mbili,
testa kwenye mota ikasoma sifuri.
Kati ya kumi na mbili na sifuri kuna mwizi.
Nikalala chali sakafuni mwa gari, tochi mdomoni,
nikamkuta: kiota cha panya,
mbegu za zabibu, vipande vya risiti ya mbolea,
na waya wa kijani umetafunwa hadi shaba.

"Gari lililala wapi?"
"Hombolo, shambani kwa mjomba. Miaka sita."
Miaka sita panya anakaa kiti cha ngozi,
sisi tumepanga chumba Nkuhungu.

Nikaunga, nikafunga tepu. Kiti kikaguna,
kikarudi nyuma taratibu, kikimwaga vumbi la Hombolo.
Bwana Rwehumbiza akanyoosha miguu,
akanyamaza muda mrefu kuliko haja.

"Na misi?"
"Inangoja."
"Inangoja nini?"
Nikatazama jua juu ya Mlimwa. Bado.

Sechelela, mwanafunzi wangu kutoka VETA,
akajaza maji chupa yake ya kunyunyizia nywele.
Saa moja na nusu umeme ukakatika Kizota nzima.
Mtaa ukaguta. Mimi nikasema: sasa. Washa.
Akanyunyiza kidogo tu, kama anayepiga nguo pasi,

tukaiona.
Kwenye waya wa tano, chini ya kola yake ya mpira,
cheche ya buluu inatoroka, inarukia chuma,
nyembamba, haina haraka:
moto uliotumwa silinda, ukaishia njiani.
Mchana kutwa ilitoroka mbele ya macho yetu sote,
na jua la Dodoma ndilo lililoificha.

Tukavua waya kwenye Cresta iliyokufa nyuma ya choo.
Injini ikahesabu hadi sita, haikusahau.

Risiti niliandika kwa mwanga wa simu:
Waya wa plagi mmoja, elfu nane.
Kuunga waya wa kiti, elfu kumi.
Kungoja giza, elfu ishirini.

Akaisoma mara mbili.
"Hiki cha mwisho ni kipuri gani?"
Nikamwonyesha mtaa. Umeme ulikuwa bado.

Akatoa thelathini na tano. Elfu tatu, alisema, atatuma.
Sijaziona hadi leo.
Lakini jioni nyingine gari linapita kule barabarani,
nami naacha spana hewani,
nahesabu.